Siku Mbili Kitandani Baada ya Leza

Daktari wa Thika aliponiambia nitatoka kwake nikitembea, nilimwangalia mara mbili. Mama yangu alikufa na kidonda cha mguu kilichoanza na mishipa kama yangu, minene, ya kijani, imejikunja kutoka gotini hadi kifundoni. Miaka yake ya mwisho aliimalizia kwenye kigoda. Mimi siwezi kukaa. Nimehama nyumba za kupanga Kiuu, Murera na Ruiru bila sababu ya maana, na hadi leo hupotea nusu siku nikitafuta kwa miguu mahali palipokuwa na mashamba ya kahawa nikiwa msichana, ambapo sasa ni magorofa. Mtu akiniharibia miguu, amenimaliza.

"Ukishachoma mshipa, damu itapita wapi?" nikamuuliza.

"Mama, huu umeharibika, haukusaidii. Damu itapita kwenye mingine iliyo ndani."

"Na kisu?"

"Hakuna kisu. Ni leza, mwanga unaochoma."

Hapo ndipo nilipomshuku kabisa. Upasuaji gani usio na kisu?

Alinisimamisha, akauchora mshipa juu ya ngozi kwa kalamu, kama fundi wa nguo. Zikafuata sindano za ganzi, nyingi kuliko alivyoahidi. Akaingiza uzi mwembamba wa leza kwenye tundu dogo karibu na goti, macho yake kwenye skrini. Nilihisi mdomoni ladha ya kitu kilichoungua, nikafunga macho. Halafu wakanivalisha soksi ndefu ya kubana, wakaniambia nizunguke korido, na nyumbani nitembee kila siku. Niliona wanataka kitanda chao tu.

Dada yangu, ninayekaa kwake Ruiru, aliona vivyo hivyo. "Mtu ametoka thieta atembee? Huyo anataka ufie njiani, isiwe kwake!" Akanilaza, mguu juu ya mito miwili, akapika njahi, maharagwe meusi ambayo kwetu hupewa mwanamke aliyejifungua.

"Kwani nimezaa?"

"Nyamaza ule."

Nikala. Nikalala siku mbili nzima.

Siku ya tatu paja lilikuwa limekaza na linauma nikilikunja. Niliwaza kigoda. Nikapiga simu kliniki, nikiwa tayari kugombana, lakini nesi aliniuliza neno moja.

"Umetembea?"

"Nimelala."

"Ngai! Mum, damu isipotembea inaganda. Njoo leo tukuangalie."

Walinipaka jeli baridi, wakapima mguu wote kwa mashine ya picha. Damu haikuwa imeganda. Nesi alinionyesha kwenye skrini. Sikuona kitu ila kivuli, lakini safari hii sikubishana. Niliporudi Ruiru nilishuka kituo kimoja kabla ya chetu, nikaanza kutembea polepole.

Njiani nikakutana na akina mama wanne wa kanisa letu, na flaski ya supu.

"Wewe! Si ndio tunakuja kukuona? Tuliambiwa umepasuliwa."

"Ni mimi. Nilichomwa mshipa kwa leza."

"Na kidonda kiko wapi?"

"Hakuna. Ni katundu tu."

Wakatazamana.

"Ati katundu," akasema mkubwa wao. "Na dada yako ametuomba maombi tangu Jumapili! Unaenda wapi sasa?"

"Hadi relini, halafu nyumbani."

Wakanifuata na supu yao, nafikiri wakingoja nianguke. Tulipofika relini, ni yeye mkubwa wao aliyeomba tupumzike.