Kisima cha Marehemu Madina

Adrisi Bakhit alikuwa amechoka, na si uchovu ule wa kulala ukaamka umepona. Miaka sita ya kuzungusha keekee ya kutobolea udongo, akiwa kibarua wa ofisi moja ya maji huko Jinja, ilikuwa imemla mabega. Kabla ya hapo alikuwa askari, kisha mkimbizi Sudani, kisha mtu aliyerudi Mbale mwaka 1987 akakuta mkewe, Madina, ameshazikwa na wengine. Vita vilimnyima hata kulishika jeneza lake.

Ndipo akachimba kisima. Wanubi wenzake, kama Waislamu wengine, hupenda kumwachia maiti sadaka inayoendelea: kila anywaye, thawabu humfikia aliye kaburini. Adrisi alichagua uwanja nje ya mji wenye udongo laini ajabu, jembe likizama lenyewe. Akamshukuru Mungu kwa ulaini ule, maskini. Hakujua kwamba zamani palikuwa na josho, birika la kuogeshea ng'ombe, kwamba mifugo ilinyakuliwa wakati wa vita, watu wakang'oa matofali ya josho wakajengea nyumba, na shimo likafukiwa. Wenyeji walijua, ila nani angedhani mahali ng'ombe walipooga pana ubaya?

Mwaka 1995 ofisi ikaanza kupima majosho ya zamani, kwa kuwa dawa ya kupe ya enzi hizo ilikuwa sumu isiyooza. Masaba, fundi mkuu, alikunjua ramani juu ya boneti ya gari, akaweka kidole. Adrisi akaona kidole kimetua juu ya kisima chake.

Alifanya kazi kama kawaida, maana mikono yake haikujua namna nyingine: upande safi kwanza, upande wa josho mwisho, keekee ikioshwa kila shimo kwa maji ya bomba waliyobeba kutoka mjini. Futi ya tatu, udongo mwekundu. Futi ya sita likatoka tope jeusi lenye samadi ya zamani na vipande vya matofali. Akalitia kwenye mfuko wa kupimwa.

"Kisima ndiyo imebaki," Masaba alisema, huku akiandika vibandiko vya mifuko ya udongo. "Mzee, toa kwanza ile maji imelala, mpaka mpya ije."

Ndoo arobaini. Adrisi alivuta, akamwaga, akavuta tena. Alipomaliza alibaki na chupa tupu ya maji ya kupimwa mkononi, na karibu na mguu wake dumu la maji ya bomba, nusu. Masaba alikuwa amempa mgongo. Kujaza chupa kutoka kwenye dumu kungechukua muda wa kupiga chafya, kisima kingeonekana safi, na Madina angeendelea kupata fungu lake.

Hapo ikamshika hofu ambayo hata vitani hakuijua. Kama kila kikombe humfikia marehemu, basi miaka saba yote hii amekuwa akimpelekea nini? Akasuuza chupa mara tatu kwa maji ya kisima, akaijaza hadi shingoni, akaifunga. Kisha akalia, mzee mzima, na Masaba akajifanya hajaona.

Majibu yalirudi baada ya mwezi na nusu: sumu, mara kumi ya kiwango kinachoruhusiwa. Masaba alimweleza na dalili zake, moja moja, kisha akachukua kalamu amwandikie mwenyekiti wa kijiji.

"Barua hapana, bwana," Adrisi alisema. "Mimi nilichimba. Mimi nitafunga."

Akaenda na sepetu. Namono, mjane aliyeishi hatua chache kutoka kisimani, alikuja na ndoo yake kama kila siku. Adrisi akamweleza, naye akasikiliza yote bila kumkatiza.

"Mzee, wewe hapana jua," alisema mwishowe. "Sisi kila siku kuchota, nasema Mungu weka Madina pazuri."

Huruma ile ilimwumiza Adrisi kuliko matusi. Afadhali angemtukana.

Namono akaweka ndoo chini, akamfungulia viganja. Vilikuwa vimejaa vipele vigumu, vidogo kama punje za mtama. "Sasa hii? Mimi nilisema ni ya jembe."

Masaba alikuwa amevitaja vipele hivyo hivyo. Kukubali kwamba ni jembe kungekuwa rahisi, na mama wa watu angerudi zake nyumbani ametulia.

"Si jembe, mama," Adrisi alisema. "Ni maji yangu."