Kilima Kilichokatwa Kichwa

Mwezi uliopita nilikwenda kijijini kwetu Mpitimbi na kamera yangu mpya, nikasimama kwenye bonde letu nusu saa nzima bila kupiga hata picha moja. Nenda kushoto, rudi kulia, chuchumaa, inuka. Mama mmoja aliyekuwa akipalilia maharage akaniuliza, "Dada, umepoteza nini?" Nikamwambia sijapoteza kitu, natafuta pa kusimama. Akanitazama, akaguna, akarudi kwenye jembe lake.

Mwalimu wetu wa picha husema usiweke kila kitu katikati. Weka kitu cha karibu hapo mbele, jicho lipate pa kuanzia, kisha liende polepole hadi mbali. Siku ya kwanza kumsikia nilikasirika, rafiki yangu, na mpaka leo sijui nilimkasirikia nani. Maana hayo niliyajua nikiwa na miaka tisa, nikayaharibu mwenyewe.

Enzi zile maduka ya Songea ndiyo yalikuwa yameanza kujaa vitu. Sisi tuliozoea kupanga foleni ya sabuni tukaanza kuchagua sabuni, jamani! Shangazi, dada yake baba, alikuwa akiuza mitumba mtaa wa Msamala pale mjini, na huko ndiko alikopata kamera. Baba yeye alikuwa Tunduru, anachimba mawe ya thamani. Aliondoka akisema atarudi kabla ya mavuno, na mavuno mawili yakapita. Mama nilimjua kwa kusimuliwa tu. Nililelewa na bibi, mama yake baba: asubuhi kinu, jioni maji ya mtoni, usiku ugali wa muhogo na majani ya maboga yaliyoungwa karanga. Mwaka ule miguu ilimvimba, palizi ikamshinda.

Shangazi alikuja na kamera siku ya komunyo yangu ya kwanza. Nilivaa gauni jeupe la mitumba, lina marinda matatu, nikajiona malkia. Akapiga kanisani, akapiga wali, akapiga majirani, kila mtu kasimama katikati, mikono chini, kama anaimba wimbo wa taifa. Sheria yake ilikuwa moja tu: mtu asikatwe miguu. Ukimkata mtu miguu kwenye picha, anakurudishia picha yako na maneno juu.

Jioni ikabaki picha moja kwenye filamu. Bibi akasema hiyo ni ya kumpelekea baba, na asisimame mtu.

"Picha bila mtu, mama? Si kuharibu filamu huko?" shangazi akashangaa.

"Sura zetu anazijua," bibi akasema. "Nataka aone magugu. Aone na paa lilivyooza. Akimwona mtoto ananenepa na gauni jeupe, atasema kwetu hakuna shida, na hatarudi."

Niliyasikia maneno hayo yote, lakini hayakuniingia. Nilichoelewa ni kwamba bibi hataki baba anione.

Shida ikawa pa kusimama. Shangazi akisimama uani, anapata shamba, nyumba haipo. Akishuka mtoni, anapata nyumba, magugu hayaonekani. Akahangaika mpaka jasho. Mimi nikapanda kichuguu kilichokuwa pembeni ya shamba, nikaona vyote: magugu hapo miguuni, nyumba katikati ya bonde na paa lake bovu, na nyuma kabisa kilima. "Shangazi, hapa!" Akapanda, akatazama kwenye kamera, akasema, "Ee! Haka katoto kana macho." Bibi akanishika kichwa, na mkono wake ulikuwa unanukia moshi na vitunguu.

Sasa sikiliza nilichofanya. Shangazi alipoanza kuhesabu, moja, mbili, nilishuka mbio, nikasimama kwenye kijia hapo chini, nyumba nyuma yangu, mikono chini. Sijui kwa nini. Nimejiuliza miaka yote hii, na kila mwaka napata jibu jingine. Bibi alipiga ukelele. Lakini mkono wa shangazi ulikuwa umeshazoea watu: ulipoona mtu, ukainamisha kamera ili miguu isikatwe, ukabonyeza.

Picha ilipotoka, viatu vyangu vilionekana vyote viwili. Kilima kilikatwa kichwa. Magugu yalikuwa pembeni kidogo, ungedhani ni maua, na paa bovu lilikuwa nyuma ya marinda yangu. Filamu nyingine hatukuwa nayo, basi ikapelekwa hiyohiyo, mkononi mwa mtu aliyekuwa akienda Tunduru.

Baada ya miezi kadhaa likaja jibu: viatu vyekundu vya plastiki na barua. Bibi hakujua kusoma, nikamsomea mimi kwa sauti ya shuleni, nimeshavaa viatu. "Nimemwona mtoto amekua, amependeza sana. Nimefarijika kuona mambo yenu yanakwenda vizuri. Nikipata jiwe nitakuja."

"Hebu soma tena hapo," bibi akasema.

Nikarudia kwa furaha, nikidhani amependa. Akainuka kwa miguu yake ile iliyovimba, akachukua jembe, akaenda kupalilia. Nilimfuata na viatu vyangu vipya, namwita, na hakugeuka. Baba hakurudi. Hakuja hata kumzika mama yake.

Siku hizi kichuguu hakipo, udongo wake ulifyatuliwa matofali. Nyumba ilianguka, na shamba ni la yule mama wa maharage. Mwishowe siku ile nilipanda juu ya rundo la matofali ya mama huyo, na hapo bonde likajipanga lenyewe. Majani hapo mbele, mahali pa nyumba katikati, kilima nyuma na kichwa chake chote. Nikahesabu moja, mbili. Safari hii hakuna aliyekimbia kuingia.

Picha imetoka vizuri, bibi, kama ulivyoitaka. Sasa sijui nimpelekee nani.