Milioni Moja na Tisa ya Kaka Kasimiri

Kaka yangu Kasimiri, fundi baiskeli wa mtaa wa Singe, Mungu amrehemu na awape malaika uvumilivu, alikuwa mbishi. Manyara ilipofanywa mkoa, makao makuu yakiwa hapa Babati, kila mtu alianza kujiona mkubwa. Yeye akajichagulia namba kubwa: 1,000,009. Milioni kwa ajili ya fahari, tisa kwa sababu kwetu tulizaliwa tisa.

"Hii haigawanyiki," alimwambia jirani yetu Konstantini, Mlutheri. "Ni namba tasa. Inakubali moja na yenyewe tu."

"Umejaribu?"

"Nitajaribu."

"Ukishindwa, kaburini tutaandika ulikuwa mwongo."

"Nikimaliza, mtaiandika msalabani!"

Alianza baada ya Mwaka Mpya wa 2003. Kila siku, akishaziba pancha ya mwisho, aligawanya kwa namba tasa moja, kwa mkono, kwenye daftari lililojaa grisi. Mbili, tatu, tano, saba, hadi 997. Hakuhitaji kuvuka elfu, maana kigawanyo kikubwa lazima kiwe na mwenzake mdogo, naye angeshakamatwa. Agosti akatangaza ushindi mtaa mzima.

Mwezi uliopita presha ilimchukua. Kabla hajakata roho nilimshika mkono nikamwahidi namba yake itaandikwa msalabani, na kwamba haigawanyiki.

Jana, siku moja kabla padri hajaja kubariki msalaba, nilikwenda kwa Tadeo seremala na lile daftari ili asikosee sifuri. Nikafungua ukurasa alipogawanya kwa 283. Chini kaka ameandika: "Kesho Jumatano ya Majivu. Nafunga kugawanya mpaka Pasaka." Wenzake hufunga pombe. Yeye pombe hakuiweka kwenye orodha ya kufunga.

Ukurasa uliofuata: "Aleluya! 307."

Na 293, namba tasa iliyo katikati yao, je?

Nikachukua kalamu ya Tadeo, nikagawanya juu ya kipande cha ubao. Jibu 3,413, baki sifuri. Nikarudia. Sifuri. Nikakaa kwenye maranda nikalia, kisha nikacheka mpaka kanga ikanidondoka.

"Mama Rosemary, kuna nini?" Tadeo aliuliza, brashi mkononi. Alikuwa ameshaandika: 1,000,009 HAIGAWANYIKI.

"Futa hilo neno."

"Si ulimwahidi marehemu?"

"Nilimwahidi. Lakini kesho padri anaumwagia msalaba maji ya baraka. Siwezi kumbarikisha uongo."

Konstantini, aliyekuja kuona msalaba, akadakia: "Nilisema mimi! Mwongo!"

"Funga mdomo wako. Hakudanganya. Alifunga Kwaresima."

Tadeo akapiga randa neno lile. Mahali pake nikamwandikisha: = 293 × 3,413. Kaka alitaka namba yake msalabani, ataipata, na kazi yake imekamilika.

Konstantini hakuamini. Alichukua ule ubao akazidisha mwenyewe, midomo ikicheza. Alipofika mwisho alivua kofia.

"Mjinga huyu," akasema, akijifuta macho. "Si angeniachia mimi daftari? Sisi Walutheri Kwaresima ile hatukufunga hesabu."