Mgonjwa wa Ugenini

Nakumbuka siku moja huko Guangzhou, miaka ile tulipokuwa tukimiminika China kufuata nguo, nilitenda jambo ambalo hadi leo linanitia haya. Mwanangu, katika hospitali za kule kazi ya nesi ilikuwa kuchoma sindano tu. Kukulisha, kukuogesha na kukimbizana na makaratasi ilikuwa kazi ya nduguyo. Basi Mwanaidi wa Tanga, mfanyabiashara mwenzetu, akalazwa. Nikaombwa nikakae naye, maana Kichina cha sokoni nilikimudu. Nikajibu, "Mimi na yeye wapi na wapi? Nguo zangu zinasubiri ndege!" Nilikuwa na mdomo, wee acha tu.

Kesho yake asubuhi nikaenda Barabara ya Zhanqian kufunga mzigo. Nikamkuta laoban wangu, yule mama mwenye duka, anafunga mlango. Alikuwa anakwenda kufukiza udi katika jumba la kale la watu wa kwao waliohamia ng'ambo. Akasema tufuatane, mzigo tutafunga tukirudi. Nikaenda nimenuna, nanung'unika kwa Kiswahili njia nzima hadi ndani ya jumba.

"Bibie, wanung'unikia nini?" Nusura nianguke! Aliyeuliza kwa Kiswahili safi ni mzee wa Kichina, mlinzi wa jumba. Kumbe kazaliwa Unguja, babake alikuwa mnunuzi wa majongoo ya baharini. Nikamweleza habari za mzigo wangu na za Mwanaidi, naye akanionyesha majina yaliyochongwa ukutani, safu kwa safu.

"Hawa wote walikuwa Unguja na sisi, wala si ndugu zetu. Baba alipougua walimuuguza kwa zamu, na alipokufa wakamzika. Na nyinyi hapa, mgonjwa wenu anauguzwa na nani?"

Swali lile likanisuta. Nikamwacha laoban na udi wake, nikakamata teksi hadi hospitali.

Mwanaidi alikuwa amegeukia ukuta, uji umeganda bakulini tangu jana. Nilipomwita akanishika mkono. "Dada, nilidhani nitakufa sijasikia Kiswahili," akasema. Nililia, mwanangu, nililia kwa aibu. Nilikaa naye siku nne. Ya tano akafariki, mkono wake umo mkononi mwangu.

Wahenga walisema undugu ni kufaana, si kufanana. Ukiwa ugenini usiulize mgonjwa ni wa nani. Nenda, ukamlishe. Mzigo ule uliondoka na ndege nyingine, wala sikumbuki ulikuwa na nini. Lakini ile siku moja niliyomnyima Mwanaidi, nitaipata wapi? Mungu akuepushe na kuugua peke yako, mwanangu, na akupe moyo wa kwenda kabla hujasutwa.