Krimu na Limau kwa Bwana Sayre

Odalie Rochon amesimama nyuma ya kaunta ya baa miaka arobaini hapa mtaani Tremé, na katika muda wote huo sijamwona akikosea kipimo wala akimwonea mtu haya. Ulimi wake umewafukuza wanaume wawili waliotaka kumwoa, na mimi Lucien, jirani yake, nilikuwa wa pili. Sina kinyongo. Bado nakwenda kila Jumamosi mchana kunywa glasi moja tu ya Asubuhi ya Jumapili.

Kinywaji hicho ni brandi, limau, sukari, ute wa yai na krimu, vikitikiswa mpaka mikono iombe radhi. Odalie alifundishwa na baba yake, mzee Alcide, aliyekichanganya miaka thelathini kwenye baa ya Hoteli ya Sayre, enzi zile mtu mweusi aliruhusiwa kumimina pale lakini si kuketi. Mzee alikibuni mwenyewe. Lakini mwaka 1954 mwenye hoteli, Bwana Sayre, alichapisha kijitabu cha vinywaji vya baa yake, akaandika kwamba hicho amekibuni yeye. Alcide hakutajwa hata kwa herufi moja. Mimi jambo hilo linaniudhi mpaka leo, na hata si baba yangu.

Mwaka jana jumba la makumbusho la vinywaji likaamua kukitundikia kinywaji hicho kibao ukutani, chenye jina la aliyekibuni. Mtafiti wao, Bi Haas, mama mpole mwenye miwani machoni na nyingine kichwani, hakumficha Odalie kitu. Kijitabu cha Sayre kina mwaka, daftari la vinywaji aliloliacha mzee Alcide halina. Pasipo ushahidi mwingine, kibao kitakuwa na jina la Sayre. Odalie alisusa kula siku mbili. Najua kwa sababu maharage mekundu ya Jumatatu, ambayo hunipa bakuli bila kukosa, sikuyaona.

Mwisho akaomba jambo moja: Bi Haas achanganye kwa kufuata kijitabu, yeye achanganye kwa kufuata daftari, halafu watu waonje. Tulikwenda Jumatano asubuhi, mimi nikiwa mbeba krimu.

Bi Haas alianza. Kijitabu kilisema krimu na limau vichanganywe kwanza, viachwe vitulie wakati barafu inavunjwa. Akaviacha, akavunja barafu. Alipogeuka, krimu ilikuwa imekatika mabonge mabonge. Akatikisa hivyo hivyo, akamimina.

"Lucien, onja," Odalie akasema.

"Kwani nimekukosea nini tena, dada?"

"Labda ni kosa la mchapaji," Bi Haas akasema, uso umemwiva.

"Mchapaji gani huyo? Na hiyo 'viachwe vitulie' nayo ilimponyoka?"

Odalie akachanganya cha kwake, krimu ikaingia mwisho kabisa. Kilitoka cheupe, laini, na povu limesimama. Tulikunywa chote. Lakini Bi Haas alitikisa kichwa kwa huzuni. Utamu, alisema, hauthibitishi ni nani aliyekibuni.

Akaomba daftari alipitie mara ya mwisho. Nyuma kabisa mzee alikuwa ameandika wateja na matakwa yao, kama wanavyofanya wahudumu wote wa baa wa mji huu: jaji fulani hataki sukari, mjane fulani brandi mara mbili. Bi Haas akasimamisha kidole, akasoma kwa sauti: "Bwana Sayre: krimu na limau kwanza. Vitulie."

"Ah, huyo!" Odalie akasema. "Alikuwa na mdomo wa ajabu. Nyumbani tumemcheka maisha yetu yote. Mtu mzima anapenda vilivyokatika!"

Bi Haas akafungua ukurasa wa kwanza wa kijitabu, akausukuma mbele yetu. Bwana Sayre alikuwa amejisifu pale kwamba yeye ni Mbaptisti safi, na katika maisha yake pombe haijagusa ulimi wake.

"Hakunywa," Bi Haas akasema polepole. "Bi Odalie, hivi sivyo alivyopenda. Hivi ndivyo alivyoambiwa."

Nilimwelewa kabla ya Odalie, na hilo halijawahi kutokea. Bosi alitaka siri ya kinywaji, mzee akampa uongo na kuuandika daftarini, na kwa kuwa bosi hakuonja, akauchapisha. Bi Haas alikuwa ameshachukua kalamu, amelikata jina la Sayre kwenye karatasi ya kibao, anaandika Alcide Rochon.

Odalie alivuta kiti akakaa.

"Nilimwuliza," akasema. "Wiki ile ya mwisho, hospitali. Nikamwambia, baba, hivi yule bosi wako aliyanywaje yale mabonge? Akacheka mpaka nesi akaja mbio. Nikadhani ni dawa." Alikuwa anacheka yeye mwenyewe, machozi yanamtiririka. "Alikuwa ananitazama tu, Lucien, anangoja nielewe. Na mimi nikamfunika blanketi, nikamwambia alale."