Mpira wa Juu Ulikuwa Baridi

Mshale wa joto ulianza kupanda palepale, kwenye mwinuko kabla ya Kaberebere, na mama akageuzia uso dirishani.

Miaka miwili iliyopita, mahali hapohapo, baba alikuwa amelala kwenye kiti cha nyuma cha gari hili hili, kifua kimembana, kichwa kimepakatwa na mama. Nilikuwa namkimbiza hospitali Mbarara. Gari likachemka. Nilishuka na kitambaa mkononi nifungue rejeta, naye akajitahidi kusema, "Usifungue, utaungua. Ngoja ipoe." Nikangoja. Maji yalipoacha kunguruma, baba alikuwa ameshatuacha.

Tangu siku hiyo gari lilibeba maharage tu, kutoka kwetu Rubondo hadi Rwekubo, mwendo mfupi, na halikuchemka tena. Leo mama alikuwa anakwenda kupimwa macho. Mimi nilikuwa nakwenda kwa fundi. Nilitaka kujua ni nini kilichomchelewesha baba, na nilikuwa naogopa kujua.

Tulipumzisha injini mara mbili njiani. Huko Mbarara, mama alipokwisha kupimwa, tulikwenda kwa fundi, mzee mwenye kofia ya kufuma, naye akalizunguka gari akicheka.

"Nnyabo, dada yangu, ni wewe unaendesha hii? Iko mzee kushinda wewe!"

"Bado inanisikia," nilimjibu.

"Inakusikia lakini inakasirika."

Alikagua mkanda, akakagua feni. Akachomoa kijiti cha oili, akakifuta kidoleni. "Oili iko safi, haikuingia maji. Injini haijakufa." Kisha akaliacha liungurume mpaka mshale ukapanda, akauwekea kiganja mpira wa juu, ule unaopeleka maji ya moto kwenye rejeta.

"Gusa."

Niligusa. Injini ilikuwa inatokota, na mpira ulikuwa baridi. Nilirudisha mkono haraka kana kwamba nimeungua.

Baada ya kulipoza alifungua nati mbili, akatoa themostati, kile kidude chenye springi kinachofungulia maji yakishapata joto. Alikitumbukiza kwenye sufuria ya maji yaliyokuwa yanachemkia chai. Kikafunguka taratibu, kama jicho.

"Iko mzima kabisa. Lakini ilitiwa kinyume. Hii springi inatakiwa kutazama injini. Sasa joto haifiki kwake, inachelewa kufungua. Safari fupi utapona. Kwa mlima, hapana." Aliinua uso. "Nani alitia hii?"

Ile ya zamani ilitolewa na kutupwa na fundi mmoja wa Rwekubo, gari likabaki bila themostati, kama wanavyofanya mafundi wengi. Mimi ndiye niliyenunua mpya. Wiki moja kabla baba hajaugua, nilitazama video kwenye simu, nikaifunga mwenyewe uani, peke yangu, nikajiona fundi.

Nilifungua mdomo. Mama, aliyekuwa amekaa kwenye benchi la fundi, akawahi.

"Ni mume wangu. Marehemu."

"Pole sana, maama. Sisi wanaume hatupendi kuuliza."

Baba hakuwahi kushika spana maishani mwake. Fundi aligeuza kile kidude, akakaza nati, akajaza maji. Mpira ukawa wa moto.

Tuliporudi, mshale ulikaa katikati vilima vyote, haukutikisika. Afadhali ungetikisika. Tulipofika mahali pale mguu wangu ulikanyaga breki wenyewe. Nyasi za kando ya barabara zilikuwa zimeota juu ya pale nilipokuwa nimesimama na kitambaa.

"Mama, si baba aliyeiweka."

"Najua."

"Kwa nini ulisema…"

"Zile nati nilikushikia mimi, mwanangu." Alikunjua kiganja mapajani, akakitazama. "Mbili, hapa. Ukaniomba moja, ukaniomba nyingine. Nikakupa."

Nilitafuta uso wake katika kumbukumbu ya siku ile uani, na sikuuona. Nilikuwa nimemfuta kabisa, nikabaki na kosa peke yangu, naye muda wote alikuwa amesimama pembeni yangu, mkono wazi.

Nilizima injini, ingawa haikuhitaji kupoa. Tukangoja.