Kiingereza Changu cha Neno Moja

Nawataja kwanza waliokuwepo, watu wa rika langu wasije wakasema natunga. Ilikuwa Chechelesi, hapa Isiolo, darasa la ukuta wa udongo na paa la mabati. Mimi Nakiru, binti wa Ekai, Mturkana. Kanana, Mmeru, ambaye mama yake aliuza viazi sokoni. Halima, binti wa Guyo, Mborana, jirani yetu. Mama yake na mama yangu waliombana chumvi hata siku walizonuniana. Na Mwalimu Muriuki, mwenye kaptura iliyopigwa pasi mpaka ingeweza kusimama yenyewe.

Enzi zetu Kiingereza hakikutoka kwenye simu. Kilichezwa. Mwalimu akitaja kitendo, unasimama mbele unakifanya huku unakisema. Jump, unaruka. Cry, unalia, na wengine walilia kweli maana njaa ilikuwepo. Siku ya carry, kubeba, alileta debe la maji. Kanana akalifunga kamba, akaitega kwenye paji la uso, debe likakaa mgongoni.

"Kwani wewe ni punda?" nikamcheka. Mimi nikalibeba kichwani bila kushika.

Halima alikataa hata kuligusa. "Kwetu punda ndiye anabeba maji. Mleteni hapa tumfunze yeye Kiingereza."

Mwalimu alicheka mpaka akafuta macho. Kisha akatuuliza, na kitu cha kutoshikika, mtu anaweza ku-carry? Kanana akasema, lawama. Halima akasema, mimba, tukaziba midomo. "Mwanzoni haionekani!" akajitetea. Mimi nikaenda na swali hilo nyumbani.

Wiki hiyo hiyo baba akatokea mlangoni na fimbo yake na kile kiti kidogo cha mbao ambacho mzee wa Kiturkana hakosi kutembea nacho. "Mwalimu, nimekuja kuchukua msichana. Mvua ikinyesha mbuzi watazaa, nataka mtu wa kuchunga watoto wao. Kubeba maji anajua. Hapa mnamfunza nini tena?"

Wakati ule mtoto hakufungua mdomo baba akiongea. Mama alizoea kutuambia, "Baba yako akikohoa, wewe meza mate." Mimi nikasimama. Nikasema, "I carry the name of my father."

"Anasema nini huyu?"

Halima akamtafsiria. "Mzee, anasema amebeba jina lako."

Baba akakunja uso. "Analipeleka wapi?"

"Mahali wewe hujafika," nikasema.

Nikangoja fimbo. Baba akaketi kwenye kiti chake, akanitazama, akanitazama. "Haya. Mpaka mvua inyeshe," akasema, akaenda zake.

Basi Isiolo nzima ikaomba mvua, msikitini na kanisani. Mimi, katikati ya waumini waliofumba macho, niliomba jua. Na jua likawaka, nami nikasoma. Nilijua kuandika jina langu na la baba, nikajua kusoma mabango ya maduka yote. Halafu ikanyesha, na baba akaja. Ahadi ni ahadi. Nilitoka na kichwa juu, nikaenda kwa mbuzi.

Leo wajukuu wangu pale Bulla Pesa wana sare, wana viatu, wana uji wa moto asubuhi. Kamvua kadogo kakianguka, "Shosho, leo hatuendi, kuna matope." Matope! Jioni wananicheka ati Kiingereza changu ni neno moja, carry. Nawaambia, moja langu nililisema mbele ya fimbo. Nyinyi mnayo mengi, na mtu akiwauliza jambo mnaangalia simu kwanza. Nani kati yenu amewahi kugombania dawati?

Wenzangu mliobaki, wa Wabera, wa Chechelesi, majina sikosei. Lakini kama mvua ile ilikuja mchana au usiku, kama kanisani tulikuwa na benchi au tuliketi chini, nisahihisheni, nitashukuru. Ila mtu asiniambie kwamba sikusimama.